Darubini Iliyokatwa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika kurasa zetu za Kiswahili niseme neno juu ya jambo ambalo limesemwa sana, bwenini, katika chumba cha walimu, na hata katika mkutano wa wanafunzi wa zamani. Jambo lenyewe ni darubini ya shule. Wapo wasemao kwamba sisi wa chama cha sayansi tuliiharibu kwa kuukata mrija wake. Wapo wasemao kwamba isingekatwa ingekuwa bado imelala kabatini. Mimi ndimi niliyeushika msumeno, basi si haki niwaachie wengine wanisemee.

Kwanza, kwa ajili ya ndugu zetu waliomaliza zamani wasioijua, nieleze ni kitu gani. Ni darubini ndogo ya lenzi. Lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 60, na mwanga unaopita humo hukusanyika mahali pamoja baada ya kusafiri milimita 700. Mrija ni wa bati jepesi uliopakwa rangi nyeupe, na miguu ni mitatu ya mbao. Ililetwa kutoka Ubelgiji na mzee mmoja aliyesoma hapa, naye aliibeba mwenyewe mapajani ndani ya ndege asije mtu akaitupatupa. Basi tangu siku hiyo ilikaa katika kabati la maktaba, imefungwa kwa ufunguo. Siku ya wazazi ilitolewa, ikawekwa uwanjani, na wageni wakatazama ng'ombe ng'ambo ya bonde wakitembea miguu juu, maana darubini ya nyota hupindua kila kitu. Watu walicheka, wakapiga makofi, na jioni ikarudi kabatini. Hiyo ndiyo kazi iliyoifanya mwaka hata mwaka.

Mtu asidhani kwamba udogo wake ni sababu ya kuidharau. Mboni ya jicho la kijana gizani hufunguka kiasi cha milimita 7. Lenzi ya milimita 60 hupokea mwanga zaidi ya mara 70 kuliko jicho hilo. Mwezini yaweza kuonyesha mashimo yenye upana wa kilomita 4 hivi, nao mwezi u mbali nasi kilomita 384,400 kwa wastani. Miezi minne mikubwa ya Mshtarii yaonekana wazi, na pete za Zohali pia. Galileo alipoiona miezi ile mwaka 1610 alikuwa na darubini duni kuliko yetu.

Sasa, kwa nini tulitaka kupiga picha badala ya kutazama tu? Swali hili niliulizwa na mwalimu ninayemheshimu sana, nami sikuweza kumjibu vizuri siku ile. Naomba kumjibu leo. Sababu ya kwanza ni hesabu ya watu. Tukiwatoa wanafunzi 200 nje, kila mmoja akapewa dakika moja, basi wa mwisho atangoja zaidi ya saa tatu, na katika muda huo nyota iliyotazamwa na wa kwanza itakuwa imekwisha kushuka milimani. Picha moja nzuri ikibandikwa ukutani huonwa na wote. Sababu ya pili ni kwamba jicho haliweki akiba. Unachokiona katika sekunde hii hakijumlishwi na cha sekunde iliyopita. Kamera huweka akiba: huacha mwanga uingie polepole kama maji ya chemchemi yanavyojaza mtungi, na mwisho wake kitu kisichoonekana huonekana. Mwaka 1880 Mmarekani Henry Draper alipiga picha ya kwanza ya nebula ya Orion, akaiacha kamera wazi karibu dakika 50. Sababu ya tatu ndiyo niipendayo. Picha yaweza kupimwa kwa rula. Tulipopiga picha Mshtarii kila usiku wenye uwazi kwa majuma matatu, tukapima umbali wa kila mwezi kutoka kwenye sayari na kuuchora kwenye karatasi ya miraba, tukapata kwamba ule uitwao Kalisto huzunguka kwa siku 17 hivi. Vitabu vyasema siku 16 na saa 16 na nusu. Ndugu zangu, furaha ya usiku ule sijaipata katika mtihani wowote.

Lakini darubini yetu haikuundwa kwa kamera. Iliundwa kwa jicho. Kwa nyuma ilikuwa na tundu la milimita 24 na nusu tu, kama zilivyokuwa darubini nyingi ndogo za zamani, na kile kimrija cha kuvutia nje na ndani kilikuwa cha plastiki. Kamera tuliyoinunua kwa mchango wetu, kuukuu, kwa mpiga picha wa Kamembe aliyekuwa akiiuza kwa sababu kioo chake cha nyuma kimepasuka, ilikuwa nzito kuliko kitako chote cha darubini. Tulipoifunga, kimrija kililegea kikainama kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Kila nyota ikawa mkia. Tulijaribu kamba, tukajaribu mpira wa baiskeli, tukajaribu hata kipande cha mwiko kutoka jikoni. Haikufaa kitu.

Fundi mmoja wa kukereza vyuma huko Bugarama alitutengenezea kimrija kipya cha alumini, kipana, kigumu, chenye skrubu tatu za kukibana. Kazi yake ilikuwa safi mno. Lakini kilikuwa kirefu kuliko cha zamani kwa sentimeta 6, na hapo ndipo penye shauri lote. Lenzi haisikilizi maombi. Ikiwa mwanga hukusanyika milimita 700 nyuma yake, basi kipokea mwanga cha kamera sharti kikae pale pale, si sentimeta 6 nyuma. Njia zilikuwa mbili tu: ama kukiacha kimrija kipya, ama kupunguza sentimeta 6 za mrija mkubwa. Tuliitoa lenzi tukaifunga katika kitambaa, tukazungushia mrija karatasi iliyonyooka ili alama isipinde, nami nikakata kwa msumeno wa chuma. Ilichukua dakika 20. Nakiri mikono ilitetemeka.

Wanaolaumu husema kwamba zawadi haikatwi. Neno hilo lina uzito, nitalirudia mbele. Lakini husema pia kwamba waliounda darubini walijua zaidi yetu, na kwamba kazi ya mwanafunzi ni kukitunza kifaa kama alivyokipokea. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Galileo hakuibuni darubini. Mwaka 1609 alisikia habari za chombo cha Waholanzi kilichokuza vitu mara tatu tu, akaunda chake, kisha kingine, mpaka akafika mara 20 na zaidi. Hata lenzi zake mwenyewe hakuziacha zilivyo: aliziba ukingo kwa pete ya karatasi kwa kuwa aliona kwamba ukingo ule ulitia picha ukungu. Tangu mwaka ule wa kwanza darubini ni kitu cha kukatwa, kuzibwa na kuongezwa. Isingekuwa hivyo tungekuwa bado tunatazama meli bandarini.

Nasi hatukukata tu. Ndani ya mrija palikuwa panang'aa, na mng'ao huo hupunguza weusi wa anga katika picha. Tuliupaka ndani rangi ya ubao, ile ile ya ubao wa darasani, tukaichanganya na unga laini wa mkaa. Sijui kama viwanda vya Ulaya vina dawa iliyo bora kuliko hiyo. Mbele ya lenzi tuliweka kofia ya godoro la sponji lililochakaa, urefu wa sentimeta 18, ili umande usitue juu ya kioo, maana bonde la Rusizi usiku lina unyevu mwingi.

Basi sasa niungame kosa langu, kwa sababu wengi wanalijua nusu nusu na wanalisimulia vibaya. Baada ya kukata mrija niliona vumbi katikati ya vioo viwili vya lenzi. Lazima mjue kwamba lenzi ya mbele si kioo kimoja. Ni viwili vya aina mbalimbali, kimoja kimetuna pande zote mbili na kingine kimebonyea, navyo huwekwa pamoja ili rangi za mwanga zisitawanyike. Hakuna aliyeniambia nivitenganishe. Nilivitenganisha. Nikavisafisha kwa pamba na pombe safi, nikavirudisha, nikafunga pete. Usiku huo nyota ya Sirio ilionekana kama kifuko cha pamba. Mwezi ulikuwa na ukungu. Tukageuza, tukavuta, tukasukuma, wapi! Kesho yake shule nzima ilijua kwamba darubini imekufa, na kila mtu alijua sababu: imekufa kwa msumeno.

Kwa majuma matatu sikula vizuri. Nilipima tena mrija, ulikuwa sawa. Nilipima mkato, ulikuwa umenyooka. Mwishowe mwalimu wetu wa fizikia aliniambia jambo moja tu: "Kioo kilichotuna, upande gani umetuna zaidi?" Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba pande zake hazilingani. Tukaweka rula juu ya kila upande tukatazama nafasi iliyobaki ukingoni. Kweli, upande mmoja ulikuwa umetuna zaidi, na katika lenzi ya namna hii huo ndio unaopaswa kutazama ndani, ukaribiane na shimo la kioo cha pili. Mimi nilikuwa nimeugeuzia angani. Tulikigeuza, tukafunga, na usiku uleule Sirio ikarudi kuwa nukta. Tangu siku hiyo ukingoni mwa vioo vyote viwili pana alama ya penseli, mshale mmoja unaoelekea mbinguni, na atakayevifungua baada yangu hatakosa usingizi. Kwa hiyo mnaponilaumu, nilaumuni kwa kioo. Msumeno hauna kosa.

Nimalize habari za ufundi kwa jambo linalotuhusu sisi watu wa huku kuliko wengine. Nyota hutembea. Dunia huzunguka mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, na kwa darubini ya urefu kama wetu nyota ikiachwa sekunde moja tu huwa imekwisha kuchora mstari katika picha. Dawa yake ni kukiinamisha kiweko ili mhimili wake ulingane na mhimili wa dunia, kisha kuuzungusha polepole kinyume cha mwendo wa dunia. Kila kitabu nilichosoma chaanza hivi: elekeza mhimili kwa Nyota ya Kaskazini. Vema, lakini Rwimbogo iko karibu digrii 2 na nusu kusini ya Ikweta. Nyota ya Kaskazini kwetu haichomozi kamwe. Na ncha ya kusini ya anga iko digrii 2 na nusu tu juu ya upeo wa macho, imezama katika vumbi na ukungu wa bonde, na hata pasipo ukungu nyota iliyo karibu nayo ni hafifu mno. Vitabu hivyo viliandikwa na watu ambao hawakumfikiria mtu aliyekaa Rwimbogo.

Kiweko chetu kilikuwa na ugonjwa uleule. Kipimo chake cha kuinamisha kinaishia digrii 20, hakiteremki zaidi, kwa kuwa aliyekiunda hakudhani kwamba kitafika hapa. Tulitengeneza kabari ya ubao wa mkaratusi: urefu sentimeta 20, upande mmoja umeinuka sentimeta 6 na milimita 3 kuliko mwingine. Hizo ndizo digrii 17 na nusu zilizokuwa zinahitajika. Kisha tukagundua kwamba uzito wa kusawazisha unagonga mguu wa kiweko, kwa sababu mhimili sasa karibu umelala chini kabisa, ikatubidi kuinua yote juu ya kigogo. Kwa kuelekeza tulitumia njia ya subira. Wachagua nyota iliyo karibu na utosi, waitazama kama inateleza kwenda kaskazini au kusini, wageuza kiweko kidogo kushoto au kulia mpaka iache kuteleza. Kisha wachagua nyota nyingine iliyo chini upande wa mashariki, wafanya vilevile, lakini safari hii wainua au washusha mhimili. Usiku wa kwanza ilituchukua saa mbili na nusu. Sasa ni nusu saa.

Cha kuzungusha ni injini ndogo kutoka katika printa mbovu. Gia ya kiweko ina meno 100, nimeyahesabu mwenyewe mara mbili, kwa hiyo parafujo yake lazima izunguke mara moja kwa dakika 14 na sekunde 22. Mwenzangu mmoja wa darasa la tano, hodari wa umeme, aliifanya injini iende hatua 11 hivi kwa sekunde kupitia mkanda wa meno. Mlio wake ni kama wa nzi aliyefungiwa chupani.

Je, taabu hiyo yote ina malipo? Nawaambia kwamba watu wa Ulaya wangetuonea wivu. Wao sehemu ya anga ya kusini hawaioni maisha yao yote, mpaka wapande ndege. Sisi, katika mwaka mmoja, karibu nyota zote za mbinguni hupita mbele yetu: Msalaba wa Kusini na Mawingu ya Magellan upande huu, na zile nyota saba za Dubu Mkubwa upande ule. Kundi la Orion, ambalo wengine huliita Jabari, hupita karibu na utosi, mahali ambapo hewa ni nyembamba na picha hutulia. Kilimia kinapanda juu vizuri, nacho wazee wa pwani walikitumia tangu kale kujua majira ya kulima. Na usiku wetu ni saa 12 mwaka mzima, wakati kaskazini ya Ulaya majira ya joto hakuna giza la kutosha. Kitu kinachotupungukia ni uwazi wa anga. Masika hutufunga tangu Machi hadi Mei, vuli hutusumbua, na Juni hadi Agosti, mvua inapokatika, moshi wa majani yanayochomwa hupanda. Upande wa kaskazini taa za Kamembe na Bukavu hung'arisha mawingu. Mtu huwa na siku chache kweli. Ndiyo maana nasema kila usiku ambao darubini inalala kabatini katika anga safi ni hasara isiyorudi.

Tarehe 7 Septemba 2025, Jumapili, mwezi ulipatwa wote. Wengi wetu ndio kwanza tulikuwa tumefika bwenini na masanduku yetu. Mwezi ulichomoza jioni ukiwa mzima, na kabla ya saa moja usiku tayari upande mmoja ulikuwa unaliwa. Saa moja na nusu uliingia wote katika kivuli cha dunia, ukabaki humo dakika 82, hadi saa mbili na dakika 52. Tulikuwa tumeweka darubini nyuma ya jiko. Mawingu yalikuja yakaenda, yakaja tena. Mwezi kamili kwa kawaida hupigwa picha kwa sehemu ya mia ya sekunde. Ulipokuwa mwekundu tulihitaji sekunde nne nzima, na sekunde nne bila injini ile ya printa si picha, ni doa. Tulipata picha 31 nzuri. Katika kamera mwezi una upana wa milimita 6 tu, kama punje ya hindi, lakini ukikuzwa waona rangi ya shaba upande mmoja na weupe unaofifia upande mwingine, na kivuli cha dunia kimepinda. Mpishi wetu, mzee ambaye hajawahi kutusemesha ila kutufukuza jikoni, alisimama pale muda wote na mwiko mkononi. Aliuliza kivuli hicho ni cha nani. Tulipomwambia ni chetu, cha dunia hii tunayoikanyaga, alinyamaza sana, kisha akasema, "Basi na mimi nimo humo."

Picha hiyo ndiyo iliyobandikwa mlangoni mwa maktaba.

Nimesema nitarudia neno la zawadi. Mzee aliyeileta darubini aliiona picha hiyo katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, akapendezwa nayo, kisha akaonyeshwa darubini yenyewe. Nilikuwepo. Alipitisha kidole juu ya mkato, mahali ambapo rangi nyeupe imekwisha na alumini imeanza. Hakukasirika kwa maneno. Alisema, "Mngeniandikia tu." Sikuwa na jibu, wala sina leo. Hapa wanaotulaumu wana haki, na mimi naisema haki yao mbele ya wasomaji wote: tulipaswa kumwuliza. Barua isingetugharimu kitu. Tuliogopa kwamba atakataa, na mtu anapoacha kuuliza kwa kuogopa jibu, amekwisha kujijibu mwenyewe. Nilimwandikia baadaye kurasa tatu, nikamwekea na michoro ya vioo, pamoja na picha 5. Alijibu kwa mistari michache akiuliza kama tumewahi kujaribu Zohali.

Lakini kukosa adabu kwetu hakufanyi mkato kuwa kosa. Ni mambo mawili, na wengi wanayachanganya. Kama angeulizwa akakataa, ningeona huzuni na ningetii, maana kitu kilitoka kwake; hata hivyo ningesema kwamba darubini iliyoko kabatini, nzima, nyeupe, imefungwa kwa ufunguo, haimheshimu yeyote.

Kwa upande mwingine nisije nikaeleweka kwamba kila kitu kifunguliwe. Wenzetu wawili wanataka sasa kuifungua kamera na kuondoa kichujio kilicho mbele ya kipokea mwanga. Sababu yao naifahamu. Gesi ya haidrojeni katika nebula hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 656, nacho kichujio hicho huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ndiyo maana nebula zetu hutoka na wekundu hafifu. Hata hivyo mimi napinga. Kamera ni moja. Ndiyo hiyo hiyo inayopiga picha za mahafali, za mechi na za gazeti hili, na bila kichujio nyuso zetu zote zitakuwa nyekundu kama nyanya. Tena uzi mmoja wa ndani ukikatika, hatuna nyingine. Mrija nilioukata ningeweza kuuunga kwa pete ya bati siku yoyote. Kabla ya kukata yafaa kujiuliza kama waweza kurudi ulikotoka. Na wakati tulionao wautumie kwa kazi isiyohitaji bisibisi: kupiga picha mia moja fupi za kitu kimoja badala ya moja, kisha kuzipanga katika kompyuta moja juu ya nyingine. Picha mia hupunguza zile chembechembe mbaya mara kumi. Nebula ya Orion tumeipata kwa njia hiyo, sekunde tano tano, mara 240. Si kubwa, na nyota zake angavu zina duara la zambarau, lakini mbawa zake zaonekana.

Sasa nina maneno kwa wazee wetu, wanafunzi wa zamani, mnaosoma gazeti hili Kigali, Bujumbura, Bukavu na mbali zaidi. Katika mkutano ule baadhi yenu mliahidi kuleta darubini kubwa mpya. Asanteni sana, lakini naomba msilete. Darubini kubwa itaogopwa, na kitu kinachoogopwa hupewa kabati. Mleteeni mwalimu kamera kuukuu ya pili, hata yenye kioo kilichopasuka, ili hii ya kwanza ibaki salama. Leteni betri ya pikipiki ya kuendeshea injini wakati umeme unapokatika. Leteni kompyuta mbovu, tutaitengeneza. Na kama miongoni mwenu yuko aliyesoma elimu ya nyota, aje siku mbili atufundishe, hilo litapita yote. Msidhani kwamba elimu hiyo ni ya watu wa mbali. Setilaiti ya kwanza kabisa iliyotumwa kuchunguza mianzi ya eksirei angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, siku ya kukumbuka uhuru wa Kenya, nayo ikaitwa Uhuru. Jina hilo la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima. Na huko Tanzania Daktari Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria amefanya kazi kubwa ya kuwaeleza watu wa kawaida habari za anga. Nasi hapa Rwanda Kiswahili kimekuwa lugha rasmi tangu 2017. Basi tusikiache sokoni tu.

Mimi namaliza masomo mwaka huu. Ufunguo wa kabati nimemkabidhi yule wa darasa la tano, fundi wa injini, pamoja na daftari lenye vipimo vyote, hata vile vya makosa. Ukurasa wa kwanza nimeandika kwa wino mwekundu kwamba darubini isielekezwe kwenye jua kwa hali yoyote, kwa kuwa jicho hupofuka kabla mtu hajasikia maumivu, na kamera huungua. Ukurasa wa pili nimechora ule mshale wa penseli.

Jumamosi zisizo na mawingu, baada ya chakula cha jioni, wako nyuma ya jiko. Atakayekuja achukue sweta, na asiwashe tochi.

Mwanafunzi wa Darasa la Sita,
Rwimbogo